Msimu Tulipoweka Madebe Chini

Nakumbuka asubuhi ambayo Mzee Mnjala alipita mbele ya nyumba yangu amebeba debe lake la maziwa, na debe lenyewe amelizungushia majani ya mgomba na kulifunga kamba kuanzia shingo mpaka kitako. Ungedhani ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Alikuwa amelivika hivyo ili lisilie njiani. Mgeni angemwona angesema mzee amerukwa na akili. Mimi nilijua sababu, mwanangu, na nikaona haya kabla hajapotea kwenye kona.

Nitakueleza taratibu. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu hayanipotei, na nikianza kuyataja yote tutakesha. Nitakutajia wale tu wanaohusika.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini, huku Werugha, kabla ya lami. Nilikuwa nimeolewa na Mwakio, aliyefanya kazi ya reli kule Voi na kupanda mlimani mwisho wa mwezi. Nilikuwa na mtoto mmoja wa mgongoni, Mwadime, na mashamba mawili. La juu lilikuwa la kabeji na maharagwe, karibu na mlango. La chini lilikuwa la mahindi, kwenye mteremko unaotazama msitu. Mama mkwe wangu, Mghoi, aliishi ngazi moja juu yangu, zile ngazi tunazokata mlimani ili kulima, karibu hivi kwamba akimwaga maji ya vyombo, mimi nayasikia.

Nilikuwa na dada mkubwa, Wakesho. Yeye ndiye aliyenilea mgongoni mama yetu alipokuwa shambani. Aliolewa bondeni, upande wa Voi unaopakana na mbuga, na mumewe alikufa kwa homa akamwachia mtoto mmoja wa kike, Saru. Huko bondeni, ukilima mahindi unalima pamoja na ndovu, yaani wewe unalima na wao wanavuna. Watu huwafukuza kwa kupiga kelele na kupiga madebe.

Jioni moja ndovu waliingia shambani kwa Wakesho jua likiwa bado halijazama. Alimpandisha Saru kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, kisha yeye akashuka na debe lake. Majirani walilisikia debe likilia, halafu wakasikia limenyamaza. Wakesho hakuamka tena. Mtoto walimkuta juu ya dungu ameketi magoti kifuani, macho makavu, hasemi. Alikuwa na miaka sita.

Hayo ndiyo tuliyoyajua. Yaliyobaki alikuwa nayo Saru mwenyewe.

Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, wala hakuna kikao cha kuamua. Baada ya mazishi nilipanda naye lori la mboga lililokuwa likirudi tupu, tukafika Werugha na ukungu. Nikamtandikia pembeni mwa jiko. Mazishini mimi sikulia sana. Wazee wa kike waliniambia nisilie, nina mtoto anayenyonya, maziwa yatakauka. Nikatii. Kile kilio nilikimeza, na kitu ulichokimeza bila kukitafuna, mwanangu, kinatafuta njia yake ya kutokea.

Saru hakuwa msumbufu. Angekuwa msumbufu labda ningemwelewa mapema. Ukimtuma kuni analeta. Ukimpa ugali anakula nusu, nusu nyingine unaikuta siku ya tatu imekauka ndani ya mkeka. Alikojoa kitandani kila siku. Na hakusema neno hata moja. Majirani walikuja wakamtazama mdomoni kama watu wanaonunua ng'ombe. Mmoja akasema ni bubu. Nikamwambia huyu nimemsikia akiimba akiwa na miaka mitatu. Mwingine akasema basi amerogwa. Mimi moyoni nilikuwa na jina langu: kiburi. Nilijiambia, huyu mtoto ameniona mimi si mama yake, kwa hiyo hanipi hata salamu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiona bila kuliona. Mahindi yakianza kushika, nyani hutoka msituni, na wakati ule kila shamba la mteremko wetu lilikuwa na mtu na debe. Asubuhi mpaka jioni, mlima mzima ulikuwa unalia ko-ko-ko. Kila debe la kwanza lilipopigwa, Saru aliingia chini ya ghala akajikunja huko. Mimi nilidhani anakimbia kazi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa naujua msemo huo kwa midomo, nikiutumia kuchekesha watu.

Siku moja ilikuwa zamu ya kulima kwa Mkamburi. Tulikuwa wanawake tisa tuliolimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Sikuwa na mtu wa kunilindia mahindi. Nikampa Saru debe na kijiti, nikamwambia, “Kaa hapa. Ukiwaona nyani, piga. Usinyamaze.” Nikaenda zangu.

Niliporudi nyani walikuwa wamemaliza ngazi tatu za shamba. Walikuwa wamevunja, wakang'ata, wakatupa, kama ilivyo tabia yao ya kuonja kila hindi na kutoshiba hata moja. Debe lilikuwa palepale nilipoliacha. Saru nilimkuta kwenye mfereji, amejifunika majani ya migomba, amejikojolea.

Sikumpiga. Watu wengi wakisimulia hadithi kama hii husema walimpiga mtoto. Mimi sikuinua mkono, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Nilimwinamia nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Hivi ndivyo ulivyokaa ukamwangalia mama yako akifa. Ulinyamaza hivihivi.”

Basi. Nilisema hayo tu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana dole unaliona linavuja damu na wewe mwenyewe ndiye unayeumia. Saru alinitazama mara moja. Halafu akainuka, akaenda nyumbani mbele yangu, na jioni ile hakugusa chakula. Kesho yake hakugusa. Siku ya tatu nilipomsogezea kijiko aliuma meno yake kama mlango uliofungwa kwa ndani.

Ndipo Mghoi akashuka ile ngazi moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kikohozi, na alikuwa na namna ya kukaa kwenye kigoda kana kwamba amekuja kukaa wiki. Alimtazama Saru, akamtazama Mwadime mgongoni, akanitazama mimi.

“Nani ana hasira na mtoto huyu?” akauliza.

“Hasira ya nini, Mama? Mtoto yatima nimkasirikie?”

“Nimeuliza nani. Sijauliza ya nini.”

Lazima nikufafanulie hapa, kwa sababu ninyi mmekulia mjini. Sisi Wataita tangu zamani tunaamini kwamba hasira ya mtu wa karibu, hata asipoitamka, inaweza kumlaza mtoto chini. Dawa yake si majani wala hirizi. Mwenye hasira huchukua funda la maji, au maji ya muwa, akayapuliza nje na kusema: kama moyo wangu ulikuwa na hasira juu ya huyu, itoke na maji haya, awe mzima. Huko ndiko kutasa. Ona walivyokuwa na akili watu wa kale: mtoto akiugua, wa kwanza kuulizwa ni mtu mzima.

Lakini mimi nilikuwa kijana wa kanisani, na niliona hayo ni mambo ya giza. Nikatafuta mlango wa kutokea.

“Mama, na mwinjilisti akisikia?”

“Atasikia nini? Kwamba mke wa Mwakio ameomba? Mungu ndiye aliyeumba mdomo, na mate akayaweka humo yeye mwenyewe. Tasa.”

Nikachukua maji kwenye kata. Nikasimama mlangoni, nikapuliza, nikasema yale maneno upesi upesi, vile watoto wa shule wanavyosema sala ya chakula. Neno nililolisema kule mferejini sikulitaja. Nilijiambia halimhusu mtu. Maji yakaangukia mchicha wangu uliokuwa kando ya mlango. Mghoi aliutazama mchicha kwa muda.

“Umenyweshea mboga vizuri,” akasema. “Na mtoto je?”

Nikarudisha kata mahali pake. Hapo ndipo lilipo kosa langu la pili, mwanangu, na hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Neno la kwanza lilitoka kwa uchungu. Hili la pili nililipanga.

Mghoi hakunisukuma tena. Alimchukua Saru akakaa naye kwake siku nzima, na kwa sababu yeye alikuwa anatazama mtoto badala ya kutazama makosa ya mtoto, kabla ya saa nne alikuwa ameshagundua lile jambo la madebe. Aliketi akahesabu: likilia la kwetu, anatetemeka, likilia la ng'ambo ya kijito, anatetemeka, mwinjilisti akipiga debe tupu la mafuta kuwaita watu wa kwaya, anatetemeka. Jioni alizunguka nyumba moja moja na fimbo yake. Jumapili baada ya ibada, watu wa mteremko wetu walisimama pale njia panda ya kijito, wanawake kwa wanaume, naye akasema alichotaka: mpaka mavuno, pasilie debe upande wetu wa mlima.

Mahindi ndiyo yalikuwa chakula chetu cha nusu mwaka. Aliyefungua mdomo kwanza ni Mzee Mnjala, mwenye ng'ombe watatu wa maziwa na shamba lililopakana na msitu, yaani nyani huanzia kwake.

“Mghoi, nimekuelewa. Kwa hiyo nyani tuwaandikie barua wasije?”

Watu wakacheka.

“Umejua kuandika lini, Mnjala?” Mghoi akamrudishia. Wakacheka zaidi. “Una koo kama la fahali. Kila mtu hapa amekusikia ukigombana na mkeo kutoka ng'ambo ya kijito. Litumie kwa nyani.”

“Koo langu lina miaka sitini.”

“Basi limekomaa.”

“Mtoto mwenyewe si wa ukoo wangu,” akasema Mnjala, sasa bila mzaha. “Wala si wa ukoo wako. Ni wa huyu Mshai.” Akanielekezea mimi kidevu.

Mghoi akakohoa kwanza. “Ndiyo. Na alipozaliwa alilia kwa sauti moja na wa kwako. Mkono mmoja haulei mwana, Mnjala. Mkono mmoja hata debe hauwezi kulipiga vizuri, lazima mwingine ulishike.”

Wakakubaliana. Mnjala alikubali wa mwisho, akinung'unika kwamba watoto watafute kombeo na mawe, na kwamba hasara ikizidi atakuja kula kwa Mghoi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, Mwadime mgongoni, nikiangalia chini. Watu wote wale walikuwa wanakubali kupoteza mahindi kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, na hakuna hata mmoja aliyejua nilichomwambia.

Wanawake wa zamu nao walifanya lao. Walisema Saru asiachwe peke yake hata siku moja. Kila siku aende na yule ambaye shamba lake linalimwa. Hawakumpa dawa. Mkamburi alimpa kazi ya kushika kikapu cha mbegu za maharagwe ya kupanda palipong'olewa kabeji, akimhesabia tatu tatu kiganjani. Wughanga alimsuka nywele kila Jumamosi, polepole kuliko ilivyohitajika. Nyambu, mke wa seremala, alikuwa msemaji asiyehitaji jibu. Angeweza kukueleza habari za ng'ombe wake kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na kwa mtoto asiyesema, mtu wa namna hiyo ni nafuu kubwa. Kila jikoni walimtengea kikombe. Kwa Mkamburi kilikuwa cha bati la buluu kilichobanduka rangi. Naweza kukichora mpaka leo.

Na Saru akaanza kula. Alikula kwa Mkamburi, akala kwa Wughanga, akala kwa Nyambu na kwa Mghoi. Aliacha kujikunja chini ya ghala. Siku moja walimwona akicheka Nyambu alipoanguka kwenye tope. Lakini kwangu, mwanangu, alirudi kulala tu. Chakula kilichotoka mkononi mwangu hakukipokea. Nilikipika vizuri, nikakitia maziwa, nikakiweka pale. Kilipoa. Alikula katika kila jiko la mteremko ule isipokuwa jiko la dada ya mama yake.

Mghoi aliliona hilo. Akaniambia bila ukali, tukichambua maharagwe mlangoni kwake, “Mshai, nitangoja mpaka maharagwe yaishe kuvunwa. Kama mpaka hapo hajala mkononi mwako, nitamhamishia kwangu awe wa kwangu. Mtoto hawezi kulala mahali asipokula.”

Nilisema, “Ni damu ya dada yangu, Mama.”

“Damu anayo. Anachotafuta ni mtu.”

Nikamchukia siku ile. Nilihesabu siku zilizobaki za maharagwe. Zilikuwa chache. Nilijua kwamba Saru akihama ile ngazi moja, sitakuwa na kitu chochote cha Wakesho kilichobaki duniani, na kosa litakuwa la kinywa changu. Bado sikusema. Kiburi nilichokuwa namwona nacho mtoto, kumbe kilikuwa kimejenga kwangu.

Ndipo ikaja asubuhi ile niliyoanza nayo. Ilikuwa zamu ya shamba langu la juu, wanawake wote walikuwa wanakuja, na Saru naye alikuwepo na kikapu chake. Mzee Mnjala akapita njiani akipeleka maziwa. Debe la maziwa huwa linagonga mfuniko wake mtu akitembea, kang, kang, sauti ndogo tu. Hakuna aliyemwomba alinyamazishe, maana makubaliano yalikuwa ya madebe ya nyani. Yeye mwenyewe alikuwa ameona Saru anashtuka siku moja njiani, akaenda nyumbani akakata majani ya mgomba. Alipofika usawa wa Saru alipunguza mwendo kama anayepita na mayai. Hakumsemesha. Akaenda zake.

Nikawaza: mzee yule si ndugu yake, na nyani wamemlia mahindi zaidi ya mtu yeyote, naye amefunga debe lake. Mimi mama yake mdogo sijafunga ulimi wangu, na nilipoufungulia sijasema ulikoenda.

Tulilima mpaka uji ulipoletwa. Wanawake wakakaa kwenye ukingo wa ngazi, majembe yamelala. Nikasimama. Nikasema, “Ngojeni kwanza. Nina neno.” Nyambu alikuwa katikati ya habari za ng'ombe, akanyamaza, jambo ambalo peke yake lilikuwa ajabu.

Nililisema lile neno lote, kama nilivyolisema mferejini, bila kulipunguza. Nilisema ni mimi. Nikasema na hasira yangu ilikuwa hii: kwamba ndovu walipokuja, aliyebaki ni huyu na aliyekwenda ni Wakesho, na kila nikimwona mtoto namwuliza moyoni kwa nini wewe. Sikuwahi kujua kama ninaifikiria hivyo mpaka nilipojisikia nikiisema.

Hakuna aliyenifariji. Mkamburi alitazama kikombe chake. Mghoi alikuwa amekaa mbali kidogo na fimbo. Alisukuma kibuyu cha maji kwa mguu, kikanifikia.

Nikachukua funda la maji. Safari hii sikuwa na haraka. Nilipuliza upande wa bondeni, upande wa Voi, nikasema, “Saru, mimi nilikuwa na hasira na wewe na hukuwa na kosa. Neno nililokuambia lilikuwa la uongo. Linatoka na maji haya. Uwe mzima.” Na hapo kile kilio cha mazishini kilichokuwa kimelala miezi yote hiyo kikatoka chenyewe, mbele za watu, na Mwadime mgongoni akaanza kulia kwa kunisikia. Maziwa hayakukauka, mwanangu. Waliniambia uongo.

Saru alikuwa ameketi kando ya Wughanga. Tulisikia sauti, nyembamba, ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba iliyokaa bila watu.

“Mama alisema ninyamaze.”

Wughanga akaweka kikombe chake chini.

“Alisema, nyamaza, usishuke mpaka nikuite.” Akaangalia kikapu. “Hajaniita.”

Basi ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwake. Sisi tulimwita bubu, tukamwita mwenye kurogwa, nami nikamwita mwenye kiburi, na mtoto alikuwa anamtii mama yake. Miezi yote ile alikuwa bado yuko juu ya dungu. Nilipompa debe na kumwambia asinyamaze, nilimwamuru avunje neno la mwisho aliloachiwa. Na niliposema alinyamaza mama yake akafa, nililigeuza lile neno likawa kosa lake.

Nikamtazama Mghoi. Mghoi akasema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango, “Wewe ni mama yake mdogo. Mwite.”

Nikaita, “Saru wa Wakesho!”

Hakusogea.

Nikaita tena, kwa jina lake na jina la mama yake, vile Wakesho alivyokuwa akiita, akivuta mwisho. “Saruuu! Ndovu wamekwenda. Shuka sasa. Nakuita.”

Mara ya tatu akainuka. Alikiweka kikapu cha mbegu chini kwa uangalifu, kisha akaja, akapita mbele ya wanawake wote, akasimama mbele yangu bila kunigusa. Nikampa kikombe changu cha uji. Akanywa. Alipofika nusu akaacha, akashika kile kikombe kifuani, kile kilichobaki akikiweka akiba. Nyambu akasema, “Haya, huyu amejifunza kwa ng'ombe wangu, hakubali kukamuliwa mpaka wanyamaze watu,” na watu wakacheka wakipangusa macho, na majembe yakainuka.

Usidhani ilikwisha pale. Alikojoa kitandani miaka miwili zaidi. Alikuwa akiweka chakula kwenye mkeka mpaka alipoanza shule. Maneno yalirudi moja moja, kwanza kwa Wughanga, halafu kwangu. Maharagwe yalipokwisha, Mghoi hakumhamisha, wala hatukulizungumza tena. Mahindi msimu ule tulivuna haba, na nyani walinenepa. Msimu uliofuata hakuna aliyechukua debe kwenda shambani, ingawa makubaliano yalikuwa yamekwisha; watu walikuwa wamezoea kupiga mayowe, na Saru mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa na yowe kali kuliko wote, mpaka Mnjala akasema mtoto yule amemwibia koo.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikwenda kumtembelea Voi, akiwa ameolewa, ana mtoto wa miaka minne. Alimwacha mtoto kwa jirani wa lango moja akaenda sokoni, nami nikabaki nimeketi kibarazani. Aliporudi hakuingia kimya kama wengine. Alisimama kwenye lango na kapu lake kichwani, akaita jina la mtoto kwa nguvu, mara moja, mara mbili, mpaka yule mtoto akatoka mbio. Ndipo akafungua lango. Kila siku hufanya hivyo, jirani aliniambia. Sikumwuliza sababu.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtoto akiharibika ghafla, akinyamaza au akijikojolea au akificha chakula, usianze kwa kuuliza mtoto huyu ana nini. Jiulize amepatwa na nini, kisha jiulize wewe una nini moyoni juu yake, maana watoto wanasikia hasira tusiyoisema kama ng'ombe wanavyosikia mvua. Ukimkosea, usingoje akue akusamehe. Rudi kwake, litaje neno lenyewe, ulitoe, na usione haya watu wakikusikia. Usilee peke yako; hata mimi na damu yangu nilishindwa, na kilichomponya Saru ni vikombe vya watu ambao hawakuwa na undugu naye. Na ukimwambia mtoto ngoja hapa nitakuja, njoo. Kama wewe huwezi kuja, mwombe Mungu awepo mtu mwingine pale atakayemwita kwa jina.

Sasa sogea. Kibuyu kiko hapa. Kama nina hasira na yeyote kati yenu, kubwa au ndogo, inayojulikana au iliyojificha, inatoka na maji haya inakwenda bondeni na mvua. Nyumba yako isikose moto wala mtu wa kuuota nawe. Mtoto wako akishtuka, apatikane jirani wa kulifunga debe lake. Na siku utakapokuwa umekaa juu ya dungu lako mwenyewe, unaogopa kushuka, usikie mtu anakuita.